Mama Kanipa

Maneno yalimfikia bombani, ndoo yake haijajaa hata nusu. Jirani wa chumba cha pili, mwanamke ambaye mdomo wake hauna kizibo, alisema huku akijifunga kanga upya:

"Fundi, wewe shona tu, mwenzetu. Huku nyuma mwanao kashapata mama mwingine. Anamwita wifi yako mama mchana kutwa, tunasikia ukutani."

"Toka hapa na umbea wako," Fundi akajibu, akacheka. Akabeba ndoo yake ikiwa haijajaa.

Aliitwa Fundi kwa sababu ya cherehani. Alishona sare za shule kwenye duka la watu, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Binti yake wa miaka mitatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa alama yake ya shavuni, alibaki na shangazi yake, dada wa baba. Wifi huyo alikuja kukaa nao baada ya ndoa yake kuvunjika. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mikono ya taratibu na sauti ya kubembeleza, vitu ambavyo Fundi jioni hakuwa navyo tena, maana alifika nyumbani mgongo umekufa ganzi na maneno matamu yote yameishia kwa wateja.

Basi yale ya bombani yakamganda. Anapitisha uzi kwenye sindano, anayasikia. Anapima kiuno cha mtoto wa mtu, anayasikia. Akawa akirudi anachungulia kwanza dirishani, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Neno "mama" hakulisikia. Alimwona tu Kidoti kajilaza mapajani mwa shangazi yake, na hilo peke yake lilitosha kumchoma roho.

Ndipo Kidoti akashikwa na homa, na sikio likawa linamuuma. Fundi akaomba ruhusa kazini, akampeleka zahanati. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa mchakamchaka, akampima joto na uzito, akampa dawa ya sikio, pamoja na chupa ya dawa ya maji ya kushusha homa na kikombe chake kidogo chenye mistari.

"Mpaka hapa," alisema, akiweka ukucha kwenye mstari. "Akichemka tena, usimpe tena kabla ya muda wa saa sita kupita. Umenisikia, mama?"

Fundi alisikia. Lakini kilichomkaa zaidi ni lile neno la mwisho: mama. Alipofika nyumbani akaiinua ile chupa mbele ya wifi yake.

"Wifi, hii naomba usiiguse. Dawa ya mwanangu nitampa mwenyewe."

"Na mchana homa ikipanda, wifi yangu?"

"Mpunguzie nguo, mpe maji anywe. Mimi ndiye mama yake."

"Haya, mama yake," wifi akasema, akainuka kwenda jikoni. Fundi akaifungia chupa na kikombe chake kwenye droo ya cherehani, ufunguo akautia kwenye pochi. Akajiona kashinda. Kesho yake asubuhi akampa mtoto dawa, akaenda kazini.

Kilichofuata alikuja kukijua baadaye. Mchana Kidoti alilia sikio mpaka akawa anajigonga kichwa ukutani. Wifi alivumilia akashindwa, akaenda duka la dawa kuomba dawa ya maumivu ya mtoto. Akapewa chupa nyingine, boksi la rangi nyingine, jina jingine. Akawaza: ile ya mama yake ni ya homa, hii yangu ni ya maumivu, kila moja na kazi yake. Kikombe cha kupimia hakukiona, akatumia kijiko cha kulia. Akampa mchana, akampa tena jioni mama mtu akikaribia kurudi. Kisha chupa akaificha chini ya mto, kwa kuuogopa mdomo wa Fundi.

Fundi aliingia, akamshika mwanawe paji la uso. Bado lilikuwa na moto.

"Kidoti, umekunywa dawa?"

"Mama kanipa."

Neno hilo Fundi alilimeza kama asali. Mama ni yeye, na dawa ni ile aliyompa kabla ya kwenda kazini. Swali la pili lilimfika kwenye ncha ya ulimi: mama yupi? Lakini kuliuliza ni kukubali kwamba wako wawili. Akafungua droo, akapima mpaka mstarini, akampa. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa vilevile.

Asubuhi iliyofuata Kidoti aliamka anatapika. Hata maji hakuyataka, kalegea kama kitambaa kilicholowa.

"Umemlisha nini mwanangu?" Fundi akafoka.

"Nimlishe nini, wifi? Sumu?"

"Mimi nitajuaje! Si mnashinda wawili!"

Njiani walinyang'anyana kumbeba. Zahanati, muuguzi akamfunua mtoto macho, akambonyeza tumbo upande wa kulia, kisha akanyoosha mkono. "Kila alichokunywa kiwekwe hapa mezani."

Fundi akatoa dawa ya sikio na chupa yake. Halafu akamwona wifi yake anafungua mkoba, anatoa chupa nyingine.

"Kumbe ulimpa dawa nyuma ya mgongo wangu!"

"Uliniachia kilio, hukuniachia dawa!"

"Nyamazeni!" Muuguzi akaziweka zile chupa mbili sambamba, akaonyesha maandishi madogo chini ya majina makubwa. "Soma hapa. Na hapa."

Fundi alimaliza darasa la saba na kusoma anajua. Akasoma: parasetamoli. Akasoma tena: parasetamoli.

"Ni mtu mmoja kabadilisha shati," muuguzi akasema. "Anashusha homa, anatuliza maumivu, ni yuleyule. Mkimzidisha anaharibu ini. Sasa semeni, jana kanywa mara ngapi?"

"Mara mbili," Fundi akasema. "Jioni nilimuuliza kwanza. Akasema mama kanipa. Mama si mimi? Nikajua ni ile ya asubuhi."

Muuguzi akamgeukia wifi. "Na wewe anakuitaje?"

Wifi akainamisha macho. "Ananiita mama. Sikumfundisha mimi. Nimempa mchana, na jioni pia."

Fundi akahisi damu inampanda kichwani. Kumbe kweli! Akafungua mdomo, lakini muuguzi akamkata.

"Mimi simtafuti mama hapa, natafuta dozi. Kijiko gani? Kimejaa au nusu?"

Mtoto akakimbizwa hospitali kubwa, akatolewa damu, akatundikiwa dripu ya kuzuia ini lisiharibike. Wanawake wawili wakakaa kwenye benchi moja, mkoba katikati. Fundi alikuwa tayari kumwachia wifi yake kila kitu, hata hilo jina, ilmradi lile ini dogo lisalimike.

Kidoti alipofumbua macho akaita, "Mama!" Wakasimama wote wawili. Mkono mdogo ukaenda kwa shangazi. Fundi akauma meno, akarudi kukaa. Daktari alipokuja kusema ini limepona, Fundi alilia, na hata yeye hakujua kilio kile kilikuwa na furaha kiasi gani na kijicho kiasi gani.

Siku hizi chupa inakaa juu ya kabati, wote wanaifikia, na shingoni ina uzi mwekundu. Anayempa dawa anapiga fundo na kumwambia mwenzake kwa mdomo. Wivu haujaisha. Fundi huyatazama yale mafundo, ya wifi yamekazwa vizuri kuliko yake, na roho humuuma. Lakini huyahesabu kabla ya kufungua kizibo.

Jirani alipomuuliza bombani, "Sasa mama wa mtoto ni nani?", hakumjibu hilo. Aliwaambia waliokuwa kwenye foleni:

Msimpe mtoto dawa mbili kabla ya kusoma maandishi madogo ya zote mbili.

Msipime kwa kijiko cha kulia.

Msirudie kabla ya muda mlioambiwa, hata kama bado ana moto. Mpelekeni zahanati.

Msimpe mtoto aspirini, wala vidonge vya mtu mzima vilivyokatwa.

Msimfungie dawa anayeshinda na mtoto, wala msifichane mlichompa.

Msimuulize mtoto nani kampa dawa. Ulizaneni wenyewe.

Akitapika na kulegea, msigombane kwanza. Bebeni mtoto na chupa zote, mwende.