Kasuku Hanyamazi

Kwenye mazishi ya mdogo wangu, mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Sikugeuka. Ningegeuka, tungezika wawili siku ile.

Uwanja wetu wa ndege ni mdogo, hauna mnara wa kuongozea. Rubani anayetaka kutua au kuruka hubonyeza kitufe cha redio akajitangaza mwenyewe, kama mgeni anayepiga hodi, na wenzake wa karibu wakimsikia humpisha. Njia ya kurukia ina mgongo katikati, ukiwa mwisho huu huoni mwisho ule. Kazi yangu pale ni kupima mizigo na abiria, na nawajua hata wanaobana pumzi wakidhani mizani itawaonea huruma.

Mdogo wangu alikuwa rubani. Tulimwita Kasuku, maana redioni alisema hata asiyoulizwa: anawasha injini, amefika kwenye kona, jua la leo halina adabu. Asubuhi ya ajali aliondoka peke yake na maboksi ya vifaranga. Upande wa pili alikuwa anatua rubani wa ndege ya kunyunyizia mashamba, tunayemwita Kapteni Dawa. Wakakutana juu ya mgongo. Dawa alivunjika mkono. Kasuku tukamzika.

Dawa aliapa kwamba yeye alijitangaza na hakusikia mtu. Yaliyobaki watu wakajimalizia wenyewe: basi Kasuku aliingia kimyakimya. Lisemwalo lipo, wakasema. Mtu aliyeongea mpaka usingizini, leo afe kwa kunyamaza? Nilimchukia Dawa kwa moyo wangu wote, na chuki hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi nikaenda kazini. Mama hakumchukia mtu. Chakula alikuwa anakionja tu, na kila aliyekuja kutupa pole alimuuliza swali lile lile: mwanangu alisema, au hakusema? Hakuna aliyejua.

Jumapili moja Dawa akaja nyumbani, mkono ukiwa kwenye plasta. Mimi sikumpa kiti. Mama ndiye aliyempa. Akatueleza kuwa siku ile ndege nyingine ilikuwa inapita juu, na rubani wake alikuwa na kamera inayorekodi mpaka redio. Wachunguzi walikuwa wameshaisikiliza. Akatoa simu yake, akabonyeza.

Tulisikia sauti ya mtu akisema anapita. Kikafuata kimya. Kisha mlio mkali wa kukwaruza, ukanichoma masikio, ukakatika.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza.

Akasema redio zile ukishika kitufe unaongea, husikii. Wawili wakishika kwa pamoja, kila mmoja anajua amesema vizuri, na aliye pembeni anaambulia mlio huo tu. Wachunguzi walikuwa wamemhakikishia kwamba redio moja haiwezi kuutoa.

"Alisema, mama," akamgeukia mama. "Tulisema wote kwa mpigo. Angenyamaza kidogo tu, angenisikia. Au mimi ningenyamaza."

Niliitafuta chuki yangu nisiione. Nililia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile angalau nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Mama hakulia. Alinyoosha mkono akaomba simu, akaiweka sikioni, akasikiliza tena mpaka mwisho, kisha akarudia.

"Kwa hiyo mwanangu yumo humu?"

"Yumo, mama. Tumo wote wawili."

Mama akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Basi nakuomba, baba," akamwambia, "itoe sauti yako, uniachie ya mwanangu."

Dawa akanigeukia. Ikabidi nimwambie mama mimi kwamba haiwezekani.