Bibi Mwenye Mguu Hewani

Bibi amesimama katikati ya skrini, mguu mmoja hewani. Picha hiyo ninayo hadi leo. Kope nilizichora moja moja, na sikioni hereni inametameta. Mguu haujawahi kutua.

Ulikuwa mchezo wetu wa kwanza wa kompyuta, mimi na dada yangu. Yeye aliandika programu, mimi nilichora. Mchezaji angemwongoza bibi kizee mtaani, aongee na majirani, amtafute mbuzi aliyepotea. Bibi huyo alikuwa wetu. Tangu miguu imgomee alishinda kitini karibu na dirisha, na macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Daktari alishasema hayatapona.

"Basi fanyeni haraka," Bibi alituambia. "Nataka nijione nikitembea kabla taa haijazimwa."

Dada alitaka picha ndogo za viraba vichache vya rangi: kichwa, kiwiliwili, macho nukta mbili.

"Sisi ndio kwanza tunajifunza, mdogo wangu," alisema. "Anayetembea huchorwa mbele, nyuma, kushoto, kulia, na kila upande una hatua zake. Ukimchora mkubwa na madoido yote hayo, utazeeka umpite yeye."

Kubishana siwezi. Nilimchora mkubwa kimyakimya, nikampelekea Bibi. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mh! Kumbe nilikuwa mzuri hivi? Na hereni zangu mmempa nani?"

Nikatia hereni. Kesho yake akataka ua la kwenye gauni lake. Kisha akakikumbuka kidoa cha shavuni, ambacho, alisema, ndicho kilichomfanya babu apotee njia. Alicheka hadi akakohoa. Dada alimtazama, akanitazama, halafu akazifuta picha ndogo alizokuwa amezijaribu mwenyewe. Nani angemnyima?

Lakini kila kilichoongezwa ilibidi kichorwe upya katika kila hatua. Nilikuwa bado nahangaika na mguu wa kwanza, asubuhi ile Bibi alipouliza kwa nini hatujafungua mapazia.

Mapazia yalikuwa wazi.

Siku hiyohiyo nilichora picha ndogo, kama alivyotaka Dada, nikaimaliza kabla jua halijatua. Kilemba chekundu, nukta mbili, mgongo uliopinda. Dada akabonyeza kitufe, na kile kibibi kikaondoka, kikiyumba kidogo upande wa kushoto, vilevile, jamani, vilevile alivyokuwa akienda dukani na kikapu chake. Katika kope zote nilizochora hakukuwa na mwendo huo.

Tuliweka kompyuta mapajani mwake. Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya kitufe.

"Nikibonyeza hapa?"

"Unatembea, Bibi."

"Usinidanganye."

"Kweli. Umetoka mlangoni. Unapita kwa fundi viatu."

Dada aligeukia dirisha, akajifanya anafunga pazia.

Bibi alibonyeza taratibu, kichwa kakiinamisha kana kwamba anasikiliza nyayo. Kisha akaacha.

"Hereni nimevaa?"

Nilizitazama zile nukta mbili.

"Hapana, Bibi. Hazikuenea."

Akafikiri kidogo.

"Si kitu," alisema. "Za nini, mtu anatafuta mbuzi?"

Akabonyeza tena. Nami nikaendelea kumwambia anapita wapi.