Maji ya Mkono wa Nzau

Wewe ulipita. Usikatae, nilikuona. Leo saa nne asubuhi, pale juu ambapo barabara ya Kilungu inapiga kona juu ya boma letu, ulitazama chini ukaona viti vya kanisa vimepangwa uani. Ukaona kakangu Nzau amesimama nje ya mlango wa babake mzazi kama mtu anayezungusha sufuria za kuuza, ukageuza uso ukatazama parachichi za jirani. Miaka kumi na minne umekuwa ukigeuza uso hapo hapo. Basi leo nitakueleza ulichokuwa unakikwepa.

Ndani, babangu Kimeu alikuwa anakufa. Saratani ya koo. Hospitali ilimrudisha na karatasi na chupa ya dawa ya maumivu, tukamlaza sebuleni kwa sababu chumba chake hakingetosha watu waliotaka kumuaga. Hakuwa anameza kitu tena. Tulikuwa tunamlowesha midomo kwa kitambaa cha maji, basi. Lakini masikio yake yalikuwa mazima. Hilo ulishike.

Nzau ndiye kifungua mimba wa nyumba hii, na hakuwa amekanyaga ndani tangu siku tulipomzika Muindi. Unamkumbuka Muindi? Humkumbuki. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya shati lake. Nzau ndiye aliyewafungulia wenye malori mto wetu, akawaonyesha njia ya kushukia, na Muindi, ndugu yetu mdogo, baba wa mtoto mmoja, alikuwa anawapakilia mchanga kwa sepetu. Ukingo ukamwangukia. Tulimfukua kwa mikono. Kaburini baba alimnyooshea Nzau kidole, mbele yenu nyote, akasema: "Mkono wako usinipe maji. Hata siku yangu ya kufa, usinipe maji."

Hicho ni kiumo. Laana ya mzazi kwetu haina rufaa. Aliyeitoa ndiye anayeiondoa, na anaiondoa kwa namna moja: anachukua maji kinywani, anamtemea mtoto kifuani, anamwambia neno jema. Akifa kabla, umebaki nayo. Mke wa Nzau, Yvonne, ameshazika watoto watatu ambao hawakulia hata mara moja. Sasa ana mimba ya miezi minane. Ndiyo sababu Nzau alikuwa mlangoni.

Mchungaji Musembi alimaliza kuomba, akafunga Biblia. "Kwa aliyeokoka hakuna kiumo," akasema.

"Amina," akajibu mamangu, Kalondu, ambaye ameimba kwaya miaka arobaini. "Amina, Mchungaji. Lakini na atemewe tu. Mate hayajawahi kumharibia mtu wokovu."

Kyule, ndugu mdogo wa baba, akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, wewe ungekuwa askofu tungekuwa mbali." Akaenda mlangoni akamshika Nzau mkono. "Ingia, mwanangu. Vua shati."

Nzau akaingia. Mtu wa miaka arobaini na mitano, shati mkononi. Akapiga magoti kando ya kitanda. Baba akamtazama, akamtazama, halafu akafungua kinywa. Nilikuwa nimeshika kikombe, niliona vizuri. Alikuwa tayari.

Na mimi nikaharibu.

Mimi ni mtu wa kusema. Nimefukuzwa barazani kwa kusema, nimelala selo kwa kusimama mbele ya malori. Nilipomwona Nzau kifua wazi, nikaona miaka yote kumi na minne inaoshwa kwa funda moja la maji. Hasira ikanipanda.

"Kabla hujamtemea, Nau," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita baba, na mama tunamwita Mwaitu, "ujue hata haya maji ni yake. Alimaliza mchanga, mto ukakauka, sasa yeye ndiye anayeleta maji kwa trakta ukiwa umelala, Mwaitu anajaza tangi. Miaka minne unakunywa kutoka mkono wa Nzau."

"Kanyiva!" mama akapiga kelele. "Kwani huo mdomo wako hauna kitasa?"

Baba alikuwa ameshasikia. Siku zote aliamini ni maji ya kisima cha kanisa. Ndivyo mama alivyomwambia. Akamtazama mama. Akanitazama mimi. Kisha akafunga kinywa, meno juu ya meno. Nikamsogezea kitambaa, akageuza shingo. Kyule akajaribu kijiko. Wapi! Saa nzima, na midomo inapasuka tukiiangalia. Mzee alikuwa anakufa kwa kiu katika nyumba yenye tangi limejaa, ili neno lake lisigeuke uongo.

Nzau alikuwa bado amepiga magoti.

"Mletee maji ya mto," Kyule akaninong'oneza. "Mengine hatayataka."

"Mto gani, Baba Mdogo? Si ni mwamba mtupu?"

"Kuna pale."

Pale. Sote tunapajua. Pale ukingo ulipomwangukia Muindi. Kwingine kote mmebeba mchanga mpaka jiwe limebaki uchi, na mto usio na mchanga hauweki maji. Mvua inapita tu ikienda zake. Pale peke yake mchanga umebaki, kwa sababu wapakiaji wanapaogopa. Wanasema wakinyamaza wanasikia sepetu nyingine inafanya kazi chini. Mimi nilikuwa nawacheka.

Nikashuka na kata na kibuyu. Jua lilikuwa utosini. Nikachimba kwa mikono jinsi mama zetu walivyochimba, mchanga wa moto, halafu mchanga wa vuguvugu, halafu mchanga baridi. Nikazuia pumzi. Na nikasikia. Shwaa. Kimya. Shwaa. Mtu anayepakia bila haraka, chini ya magoti yangu. Nikasema, "Muindi, ni ya Nau." Ile sauti ikakoma, kama mtu ameegemea mpini anasikiliza. Shimo likaanza kujaa, taratibu, maji ya kijivu, kisha maji safi.

Baba aliyanusa kabla ya kuyaona. Akafungua kinywa mwenyewe, nikamtilia. Nzau akasogeza kifua. Mama akaanza kulia mapema. Sote tukangoja ateme.

Akameza.

Koo lile ambalo siku kumi na moja halikupitisha kitu, nililisikia likiyapitisha, kwa shida, funda lote. Akasema "Muindi," wazi kabisa, kama mtu anayemshukuru aliyemletea kikombe. Hakupumua tena.

Nzau akabaki pale, kifua kikavu. Nje dirishani Yvonne akakumbatia tumbo kwa mikono miwili, akageuka.

Kyule akamfunga baba macho. Halafu akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia: mkono uliompa mzee maji ya mwisho unaweza kusimama mahali pa kinywa chake. Kwenye kata yamebaki maji. Kiumo sasa kiko kwangu, kukiondoa au kukiacha.

"Dada," Nzau akaniambia. Hakuwa ameniita hivyo tangu malori yaje. "Nitemee."

"Nasikia leo saa kumi kuna malori yanakuja. Kuchukua nini, na mto ni mwamba mtupu?"

Akainamisha kichwa. "Pale," akasema. "Wanakuja na mashine ya kuchimba. Mashine haiogopi."

"Nani aliwaonyesha?"

Akajigusa kifua kwa kidole.

"Basi nenda ukawazuie. Ukirudi nitakutemea, na neno jema nitakupa."

"Peke yangu? Kanyiva, hao wataniua."

"Muindi alikuwa na nani?"

Akavaa shati akaenda. Mama hakuniangalia. Kyule alisema tu kwamba mimi ni mtoto wa Kimeu kweli, na hakulisema kama sifa.

Amenipigia simu sasa hivi. Yamefika malori matatu na mashine. Ameketi juu ya mchanga, amekataa kuinuka, madereva wanamcheka, mwenye mashine ameshaiwasha. Na nyuma ya ngurumo, kwenye simu, nilisikia sepetu. "Unaisikia?" akaniuliza. "Inakuja juu, Kanyiva. Iko chini yangu." Akakata.

Nilimtuma mimi. Nikichelewa, nitakuwa nimemzika wa pili pale pale, na mtoto wa Yvonne atazaliwa, kama atazaliwa, chini ya neno ambalo haliwezi kuondolewa tena. Baba nimemwacha sebuleni na shangazi wawili. Mama ameshafunga leso kiunoni, Mchungaji amevua koti, Kyule ameshika fimbo yake. Tuko wanne. Watu wanne mashine inawazunguka tu. Watu hamsini haiwezi.

Wewe uko dakika kumi kutoka mtoni. Funga duka. Acha chungu jikoni, kama kitaungua kiungue. Weka hiyo simu mfukoni, mwite jirani yako kwa jina, mshuke. Usisimame ukingoni ukitazama. Ingia mpaka katikati, ukae chini kwenye mchanga kando ya Nzau, na usiinuke. Sasa hivi. Toka.