Miguu Minne ya Ziada

"Msipumue," alisema Fundi, ingawa pumzi zao na umeme havikuwa na undugu wowote.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya mchezo wa zimamoto, mkono wa kulia umezama ndani mpaka kwenye kiwiko. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kwa kidole gumba aliibana chipu nzima ya kumbukumbu juu ya ile aliyoishuku, mguu juu ya mguu, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Ndivyo alivyopima siku zote. Hakung'oa chipu kabla ya kuibebesha nzima. Picha ikitengemaa, mgonjwa amejulikana.

"Haya, shemeji. Unaona nini?"

Mume wa dada yake, ambaye ukumbi ule wa michezo ulikuwa wake, alisogeza uso karibu na skrini. "Naona mistari. Naona... ngoja. Naona kichwa!"

"Kiko wapi?"

"Shingoni! Kimerudi shingoni!"

Kwa siku kadhaa zimamoto yule mdogo wa kwenye skrini alikuwa akipanda ngazi bila kichwa, kichwa chenyewe kikitembea chini peke yake kando ya ndoo ya maji. Watoto walikuwa wamecheka siku ya kwanza. Siku ya pili walihamia kwenye skrini mpya, na hawakurudi.

"Hongera," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha plastiki. Ilikuwa ya Seremala, aliyekaa na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni kama kipimo cha daktari. "Ila mkono wako hautakaa humo ndani maisha yako yote, dada Fundi."

"Ukiniletea chakula nitakaa."

"Mimi sina ugomvi na zimamoto wako. Naitaka nyumba yake tu."

"Na yeye akalale wapi?"

"Nitamchongea droo. Nzuri, yenye kitasa."

Shemeji alicheka, kisha akajikuna kidevu, na Fundi akajua kicheko hicho hakikuwa upande wake. Makubaliano yalikuwa wazi. Seremala alitaka kabati la mashine, mbao zake nzito za zamani, alifanye kaunta ya saluni. Mkokoteni ungekuja kabla ya jua kuzama. Ukiikuta mashine inacheza, ungerudi mtupu. Ukiikuta imelala, ungeondoka nayo.

Nyingine zote zilikwisha kuondoka. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho ya aina yake, na katikati ya zile skrini mpya nyembamba, ambazo zikiharibika hutupwa na kuletwa nyingine, ndiyo pekee iliyomhitaji Fundi. Kaka yake, aliyekuwa na duka la kutengeneza simu katika mji mwingine, alikuwa amemwekea kigoda cha kufanyia kazi pale. "Ikiondoka ya mwisho nitakuja," Fundi alikuwa amemwambia, kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kuhamia mwezini. Hakuwa na chuki na simu. Zilimchosha tu kwa jambo moja: zilikuja zimepigwa gundi pande zote, kama hazitaki mtu azijue.

Alichomoa bodi yenye chipu zote, akaiweka kwenye meza ya ukumbini, akawasha chuma cha kulehemu. Kazi ya kung'oa aliipenda. Kuyeyusha risasi mguu mmoja mmoja, kuinyonya kwa pampu, kusikia ule mlio mdogo wa *tap*, mpaka chipu ikalegea na kutoka bila kuvuta hata uzi mmoja wa shaba. Mahali pake aliunga soketi, ili siku nyingine chipu ichomekwe na kuchomolewa bila moto. Nyuma yake Seremala alikuwa ameanza kupima ubavu wa kabati, akinong'ona namba.

"Hata maiti hupimwa baada ya kufa," Fundi alimwambia bila kugeuka.

"Natumia muda vizuri."

Akaharakisha. Ndipo alipokosea.

Kila chipu ina alama ya nusu mwezi upande mmoja wa kichwa, inayoonyesha itazame wapi. Kwenye bodi ile nusu miezi yote ilitazama juu, isipokuwa safu ya pembeni. Aliyeibuni, kwa sababu alizozijua mwenyewe, aliigeuza safu ile itazame chini. Fundi alilijua hilo tangu zamani. Wakati wa kubebesha, chipu ya chini ilimwongoza. Akazifuata tu alama zikalingana. Sasa ya chini haikuwepo. Jicho lake liliangalia majirani, mkono ukaichomeka ile chipu nzima kama majirani.

Aliporudisha bodi na kuwasha, skrini ilibaki nyeusi. Akagusa chipu kwa ncha ya kidole, akaruka.

"Nini?" Shemeji aliuliza.

Fundi alinyonya kidole. Harufu ilikwisha kupanda, kali na tamu kidogo, ile harufu isiyohitaji maelezo. "Nimeipachika kinyume," alisema. "Nimeiunguza. Na nilikuwa nayo hiyo moja tu."

Hakuna aliyemtania. Seremala aliikunja futi yake taratibu, akaitia mfukoni, na upole ule ulimuumiza kuliko kidole.

"Nipeni muda mpaka mkokoteni uje," alisema Fundi, akaichukua bodi kwapani.

Nyumbani mama yake alikuwa jikoni, mezani, akipinda ukingo wa pazia kwa mkono. Maisha yake yote alikuwa ameuza vitambaa, na hata baada ya kufunga duka vidole vyake havikujua kukaa bure.

"Umerudi mapema. Ama umefukuzwa, ama umeharibu."

"Nimeharibu, mama."

"Afadhali. Ungefukuzwa ingebidi niende nikamwone mkwe wangu, na magoti yananiuma."

Fundi alicheka bila kutaka, akapita kwenye sebule aliyoigeuza karakana. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko watu wake. Ndugu zake waliolewa, walioa, walihama, na milango ya ukumbi mrefu wa kati ilifungwa mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili na taa mbili. Alipekua makopo yake yote. Chipu za aina ile viwanda viliacha kuzitengeneza zamani, na zile za sokoni alikwisha kuumwa nazo: unanunua jina zuri, unaisugua mgongoni kwa spiriti, jina linatoka na chini yake kuna jina jingine.

Aina mpya zaidi ingefaa. Ilikuwa kubwa, yenye miguu minne ya ziada, lakini kazi yake ilikuwa ileile. Na alijua mahali ilipo moja. Alijua pia kwa nini hakupekua huko kwanza.

Alirudi jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama. Ile mashine yako ya kaunta."

Sindano ilisimama. Mashine ile ya kuhesabia mauzo ya dukani, yenye droo ya pesa chini yake, ilikuwa katika chumba cha mwisho, juu ya meza yake yenyewe, chini ya kitambaa chenye maua. Mama aliifuta vumbi mara kwa mara, na watoto wa watoto walikatazwa kuibonyeza.

"Imekufanya nini?"

"Ina chipu ninayoihitaji. Nikiitoa haitahesabu tena."

"Mle mna mauzo yangu yote, mwanangu. Toka nilipofungua mpaka nilipofunga."

Fundi alivuta kiti, akakaa ubavuni pake. "Hayamo, mama. Yalishikwa na betri ndogo. Betri ilipokufa, kila kitu kiliondoka."

"Lini?"

"Zamani. Muda mfupi tu baada ya kufunga duka."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa ukiifuta kwa upendo. Ningeanzia wapi?"

Mama aliitazama sindano kwa muda. "Kumbe," alisema mwishowe, "nimekuwa nikimfagilia mtu aliyehama." Akacheka kidogo puani, lakini macho yake yalikuwa mbali, na Fundi alimngoja ayarudishe mwenyewe. "Haya. Ifungue. Ila skrubu zote zirudi mahali pake. Sitaki mashine yangu icheze meno."

Wakaenda wote wawili. Mama alikitoa kitambaa kwa mikono yake, akakikunja mara mbili, akakishika kifuani wakati bintiye akigeuza bisibisi. Chipu ilikuwa safi, inang'aa, kama iliyolala usingizi mzuri. Walirudi nayo karakana, mama akakaa kwenye kigoda kutazama, jambo ambalo hakulifanya siku nyingine zote.

"Ni kubwa kuliko nafasi yake," alisema.

"Kwa ndani ni mara nne. Zimamoto hawezi kuijaza. Anahitaji chumba kimoja tu."

"Sasa hivyo vingine?"

"Navifunga. Hii miguu inayofungua vyumba vingine naiunga kwenye upande hasi wa umeme, itulie." Alikunja mguu mmoja kwa kibano, akaulaza waya mwembamba kama unywele, akaugusa kwa risasi.

"Na ukiiacha hivihivi, inaning'inia?"

"Itasikia kila kelele inayopita. Mara ifungue chumba hiki, mara kile. Zimamoto ataweka kichwa chake huku na kukitafutia kule."

"Mh," alisema mama. Akageuza uso, akaitazama milango ya ukumbi wa kati, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Mkokoteni ulikuwa mlangoni pa ukumbi wa michezo Fundi alipofika, mwenye nao amekalia mipini yake akipiga mluzi. Shemeji alisimama kando ya mashine kama mtu aliyeitwa kushuhudia jambo asilolitaka. Fundi hakuwasalimia. Aliweka bodi mezani, akaiegesha juu ya soketi chipu yenye nyaya zake, miguu ya ziada ikiwa nje ya soketi kama vidole vya mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Kisha akasita. Macho yake hakuyaamini tena.

"Seremala. Wewe unayepima kabla ya kukata. Njoo uniangalizie."

Akaja, akainama.

"Nusu mwezi ya hii inatazama wapi?"

Seremala alifunga jicho moja. Mbao za kaunta yake zilikuwa hatua moja kutoka hapo, na neno moja tu lingetosha kuzipakia kwenye mkokoteni.

"Chini," alisema. "Sawa na hizi za pembeni. Kinyume na zile nyingine." Akajinyoosha. "Ningekuwa mwongo ningesema juu."

"Ningejua."

"Usingejua."

"Ndiyo. Nisingejua," alikiri Fundi, akaibonyeza chipu ikaingia. Akairudisha bodi ndani ya mashine, akawasha.

Skrini ilijaa takataka za herufi kwa kitambo, kama siku zote inapoamka, kisha ikasafishika. Ngazi zikasimama. Jengo likawaka moto wake wa rangi ya chungwa. Zimamoto akatoka mlangoni na ndoo mkononi na kichwa shingoni, akangoja.

Fundi aliweka kidole juu ya chipu. Ilikuwa baridi. Akakiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi, ndugu," Shemeji alimwambia mwenye mkokoteni, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu ambaye naye ameokolewa, "samahani kwa kukusumbua." Kisha kwa Fundi, chinichini: "Usimwambie mama mkwe kwamba nilikuwa tayari kuiuza."

"Anajua. Alitaka kuja. Magoti ndiyo yamekuokoa."

Seremala alikwisha kushika kijiti cha kuchezea. Alipanda ngazi mbili, akaungua. "Hii ngazi haijapimwa vizuri," alilalamika, akaanza upya, na watoto wawili wakaja kusimama nyuma yake kumfundisha kwa makelele. Fundi alirudisha mfuniko wa nyuma, skrubu zote. Kabla ya kuondoka alimwandikia kaka yake: *Kigoda kile mpe mwingine. Nakusalimu.*

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Kitambaa chenye maua kilikuwa kwenye kamba ya nguo uani, kimefuliwa, kinadondosha matone. Dirisha la chumba cha mwisho lilikuwa wazi, na la pili yake, na la tatu.

Alisimama na mkono juu ya lango. Ndani, mama alibonyeza kidude kilichokuwa chini ya ile mashine ya kaunta, droo ikafunguka, na kengele yake, ambayo haikuwahi kuhitaji kumbukumbu, ikalia. Droo ikasukumwa, ikafungwa. Kisha kengele ikalia tena.