Sindano ya Mtoto wa Tatu

Kule Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, kila mtu alijua kwamba mtoto mwenye degedege hapigwi sindano. Ukimpiga, umemzika. Salvina hakulijua hilo kwa kusikia tu. Mwaka sabini na mbili mwanawe wa kwanza, Rogath, alichomwa sindano akiwa na siku tisa, akafia mapajani pa mama yake. Wa pili aliposhikwa na degedege hawakuthubutu kumpeleka popote, naye akafa vilevile, ila huyo hakuna aliyemtaja. Ndivyo tulivyo, tukiogopa, tunakumbuka tunachotaka.

Sasa ilikuwa sabini na tano, na wa tatu, Theodory, alikuwa na siku nane. Asubuhi mdomo ulianza kumtetemeka. Kufika saa tatu vidole gumba vilikuwa vimejikunja ndani ya viganja na mwili umekakamaa kama ukuni. Salvina alimfunga kifuani akateremka kwa pikapu ya chama cha ushirika mpaka hospitali mjini Moshi. Mama mkwe wake, Mektrida, alikuwa ubavuni, akirudia sharti lake njia nzima: dawa ya kunywa sawa, sindano hapana.

Na daktari, bila shaka, akaja na sindano.

"Shikamoo, bibi," alisema Daktari Parvin, binti wa Kiismailia wa pale pale mjini.

"Marahaba," alijibu Mektrida. "Hiyo irudishe ulikoitoa."

Parvin hakubishana. Alimtazama Salvina. "Mama, mbona unachechemea?"

Salvina alikaribia kukasirika. Mtoto anakufa, mtu anauliza habari za miguu. Lakini alijibu: mifupa ilimuuma tangu mimba ya kwanza, kiu haikumwisha, na mwaka jana alikojoa mawe.

"Basi nisikilize," alisema Parvin. "Shingoni tuna tezi nne, ndogo kama punje za mchele. Zinalinda madini ya chokaa kwenye damu. Yakipungua, zinayavuta kutoka mifupani. Yakizidi, zinalala. Nadhani yako moja imekua, hailali tena, na damu yako imejaa chokaa. Mtoto aliipata bila jasho tumboni, tezi zake zikalala. Amezaliwa, chokaa imekatika, na zake hazijaamka. Ndiyo maana amekakamaa. Sindano hii ni chokaa."

"Haina hatari?" Salvina aliuliza.

"Inayo. Nikiisukuma haraka, moyo utasimama. Nitaisukuma polepole."

"Umesikia mwenyewe," alisema Mektrida.

Salvina alipima yote mawili. Akikataa, mtoto atakufa mikononi mwake. Akikubali na mtoto akafa, atakuwa amemuua kwa kauli yake, kisha apande mlima akaishi nyumba moja na huyu mama. Theodory alikakamaa tena, midomo ikageuka rangi.

"Mchome," alisema.

Mektrida aligeukia ukutani na rozari yake. Parvin alitafuta mshipa, akasukuma kidogo, akasikiliza moyo, akasukuma tena. Mara mwili wa mtoto ukalegea wote. Rogath naye alilegea hivihivi.

Kisha vidole gumba vikachomoza kutoka viganjani, kimoja kimoja. Theodory akamkojolea daktari mkononi na kuanza kulia.

Mektrida aligeuka taratibu. "Kwa hiyo yule wetu wa kwanza, aliyekakamaa hivihivi akachomwa akafa," alisema, "hakuuawa na sindano?"

"Sikumwona, bibi," alisema Parvin. "Lakini nadhani ugonjwa ulikuwa huuhuu. Huyu tutaendelea kumpa chokaa mpaka tezi zake ziamke. Na mama yake itabidi tumpasue shingo, tuitoe hiyo iliyokua."

Salvina hakuwaza kisu. Alikuwa akiwaza miaka mitatu aliyoilaani sindano, kumbe kilichowaponza watoto alikuwa nacho shingoni mwake.

Mtoto alilia kwa njaa.

"Mnyonyeshe," alisema Parvin. "Maziwa ya ng'ombe usimpe, yana madini mengine yanayoishusha chokaa, yatamrudisha kulekule. Yako ndiyo mazuri."

Salvina alitazama kifua chake mwenyewe kwa woga, kama kitu cha mtu mwingine. Kifungo cha gauni hakukigusa. Mektrida ndiye aliyekifungua.