Pasi Iliyotupwa Mbele

Jumamosi hiyo ya mwaka wa 1996 Chelangat alirudi nyumbani sauti imemkauka. Timu ya raga ya shamba lao la majani chai, nje kidogo ya Kericho, ilikuwa imefungwa kumi na tatu kwa kumi na wageni kutoka Nakuru. Dakika ya mwisho ndugu yake, Kipkurui, alimpasia mwenzake mpira, mwenzake akakimbia nao mpaka akauweka chini nyuma ya milingoti. Uwanja mzima uliruka. Kumbe refa ameshapuliza firimbi: pasi imetupwa mbele, na raga hairuhusu hilo; trai, yaani bao, hakuna.

Refa mwenyewe alikuwa mtu wa hapo hapo, Joab, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Walimwita kipofu, wakamwita mwizi, wakasema wageni wamemnunua. Mtu akarusha jiwe. Chelangat hakurusha kitu, ila alipaza sauti kuliko wote, akamwambia arudi kwao ziwani, kwa Wajaluo wenzake. Waliokuwa karibu wakayadaka maneno hayo, wakayaimba mpaka Joab akatoka uwanjani. Wakati huo jambo lile lilimfurahisha Chelangat.

Jumatatu asubuhi alikuwa kazini, katika zahanati ya shamba, akisafisha vidonda kama kawaida. Mgonjwa wa nne alikuwa Joab, na kitambaa kimegandia juu ya jicho.

Chelangat alifanya kazi kimya, akiomba asitambuliwe. Lakini ilibidi amwambie ainamishe kichwa, na Joab akatabasamu.

"Hiyo sauti naijua," alisema.

 Chelangat akajitetea kwamba hata hivyo ile pasi ilikuwa sawa. Joab hakukasirika. Alichukua bandeji iliyoviringwa, akamwonyesha pale mezani mpira ulipotoka na ulipoangukia, hatua nzima mbele. Kisha akairudisha mahali pake.

"Kuitwa kipofu si kitu, nimezoea. Lakini mimi nimezaliwa hapa hapa, kwa hizi nyumba za laini za wafanyakazi. Na mke wangu alikuwa amesimama nyuma yako na mtoto mgongoni. Unajua vile watu walifukuzwa juzi juzi, kwenye vita vya makabila, kwa maneno kama hayo."

Chelangat alijua. Alimfunga kidonda.

Jioni alimkuta Kipkurui akikamua ng'ombe, akamuuliza kuhusu ile pasi.  Kipkurui alisema alijua ni ya mbele tangu mpira ulipomtoka mikononi. Hakusema kitu kwa sababu watu walikuwa wanalia kwamba wameibiwa, naye akalia nao.

"Basi tutaenda kwa Joab wote wawili," Chelangat akamwambia.

Walienda Jumatano baada ya kazi, na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa. Celine, mke wa Joab, aliwafungulia mlango bila kutabasamu. Chelangat hakungoja kukaribishwa kiti. Alisema ni yeye aliyeanzisha yale maneno ya ziwani, na kwamba amekuja kuomba msamaha.

"Ulimaanisha?" Celine akauliza.

"Siku hiyo nilimaanisha. Sasa naona aibu."

 Celine akamwinua mtoto aliyekuwa amelala kwenye kiti, akampakata, Chelangat akapata mahali pa kukaa.

Kipkurui naye alikiri pasi yake, na akaahidi kuwaambia wachezaji wenzake siku ya mazoezi. Halafu, kwa kuwa sasa moyo ulikuwa mwepesi, akalalamika juu ya penalti waliyopewa wageni kipindi cha kwanza. Joab alifikiri, akanywa mursik, akasema kwa penalti hiyo huenda kweli alikosea, maana jua lilikuwa usoni. Celine akaangua kicheko, akasema tangu Jumamosi mumewe amekuwa akimwapia kwamba hakukosea hata mara moja.

Wanaume wakaanza kupanga vikombe mezani kuonyesha nani alikuwa wapi. Celine akachukua sinia ya maharagwe na kwenda kukaa nje mlangoni, na Chelangat akamfuata. Mvua ilikuwa imetoka kupita, majani chai yanameta mpaka mtoni. Wakachagua mawe pamoja, Celine akimuuliza kuhusu kikohozi cha mtoto, na ndani mabishano yakizidi kunoga.