Ovaroli Zilizorudi Kutoka Kimbo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, Akoth, mhudumu wa usafi, alikuwa akivaa buti za mpira nyuma ya hospitali, mjini Thika, alipoziona ovaroli kumi na moja zikiingia langoni kwa mstari mmoja. Zilikuwa zile nyeupe za kujikinga, zenye kofia na zipu, ambazo wauguzi wa wodi ya kutengwa huvaa mara moja tu kisha zinafungwa katika mfuko mwekundu. Akoth ndiye aliyezifunga zote, wiki baada ya wiki. Sasa zilitembea bila mtu ndani, mikono imejaa hewa, miguu ina vumbi hadi magotini. Kutoka Kimbo, huko Ruiru, hadi Thika ni mbali kwa miguu.

Kyengo, mlinzi, aliziandika katika kitabu cha wageni. Majina hayakumpa taabu, kwa sababu tangu mlipuko wa homa ya kuambukiza uanze kila muuguzi alijiandika kifuani kwa wino mzito ili wenzake wamtambue. Penye sababu ya kuja, aliandika: kuchomwa.

Zilienda moja kwa moja hadi kwenye tanuri la kuchomea taka, zikasimama hapo.

Tanuri lilikuwa limeharibika tangu Machi. Tangu wakati huo mifuko myekundu ilipakiwa kwenye pikapu ya dereva Ephantus kila Ijumaa. Karatasi zilisema inaenda kuchomwa Ruiru. Mifuko ilifika Ruiru kweli, lakini iliishia katika shimo la zamani la mawe nyuma ya ploti za Kimbo. Akoth alijua. Alikuwa na watoto watatu Kiganjo na kandarasi ya miezi mitatu mitatu, akanyamaza.

Meneja Maina alitoka na kikombe chake cha chai.

"Nani amezileta?"

"Zimekuja zenyewe."

"Watu wameziona kwa barabara?"

"Lazima wameziona."

Maina alikunywa chai. "Zirudishe kwa mifuko. Alhamisi tuko na inspeksheni."

Akoth alivaa glavu nene na barakoa. Ovaroli hazikukataa. Kila moja ilifungua zipu yake, ikajiviringisha kutoka juu kwenda chini, upande mchafu ukiwa ndani, ikalala mfukoni. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa SISTA VIOLA. Viola Khisa alikufa mwezi wa Mei, katika wodi aliyokuwa akiihudumia. Kabla ya hapo yeye na Akoth walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja kwenye ngazi za nyuma.

Ephantus aliibeba mifuko siku hiyohiyo. Jumanne asubuhi zilirudi, zikiwa kumi na tisa. Jumatano zilirudi ishirini na sita, lakini Sista Viola hakuwemo.

Akoth alizipitia mara mbili, akisoma vifua. Kisha akaomba ruhusa, akaenda Kimbo.

Karibu na steji ya matatu alimkuta fundi wa nguo aitwaye Wakonyo, mwanamke wa makamo. Ovaroli ya SISTA VIOLA ilikuwa imebanwa chini ya sindano ya cherehani yake, mguu mmoja umekatwa gotini, na mkono wake mtupu ulikuwa ukivuta ukingo wa meza.

"Hiyo umeitoa wapi, mama?" Akoth aliuliza.

"Kwa shimo. Hutupwa zikiwa nzuri tu. Naloweka na sabuni, nashona koti za mvua za watu wa boda." Wakonyo alikaza mguu kwenye kanyagio. "Hii tu ndiyo inasumbua."

"Ni ya hospitali. Imetoka kwa wagonjwa wa homa."

Cherehani ilinyamaza. Wakonyo aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. Akageuka kando, akakohoa kwenye kiwiko.

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye huzifunga."

"Ukajua zinaletwa huku? Na ukanyamaza?"

Akoth aliisogelea cherehani. Aliinua sindano. Ovaroli ilisimama, ikatoka ikichechemea kuelekea barabara kuu, naye akaifuata nyuma.

Alhamisi saa nne alikuja Muli, ofisa wa afya, na ubao wa fomu mkononi. Ovaroli zilikuwa zimejipanga mbele ya tanuri.

"Hao ni watu wa zamu," Maina alisema haraka.

Akoth aliweka ndoo chini. "Ofisa, hizo hazina watu ndani. Tanuri ni bovu. Zinatupwa Kimbo, na huko kuna mama ameanza kukohoa."

Maina hakumtazama. Muli alikwenda kwa ovaroli iliyo karibu, akachungulia ndani ya kofia.

"Ni kweli, hakuna mtu," alisema kwa upole. Akasoma fomu. "Hapa nimeulizwa kama nguo za kujikinga zipo. Zipo." Akatia alama.

"Na Kimbo?"

"Kimbo ni Ruiru, dada. Mimi ni wa Thika."

Jumatatu iliyofuata Wakonyo aliletwa kwa bodaboda, akipumua kwa shida. Mwendeshaji alikuwa amevaa koti jeupe la mvua. Stoo ilikuwa imeishiwa ovaroli mpya, kwa hiyo wauguzi walisimama mlangoni mwa wodi wakiangaliana. Sista Viola aliwapita akichechemea. Alimwinua mgonjwa, akamshikia kikombe cha maji.

Wakonyo aliutazama mguu uliokatwa.

"Huo ni mimi nilikata," alisema. "Pole."

Ovaroli ilimfunika shuka hadi mabegani. Ilikaa naye siku sita. Jumapili, kabla ya ibada ya kanisa la jirani kwisha, Wakonyo alikufa, nayo ikamfumba macho kwa ncha ya mkono wake.

Akoth hakufutwa kazi. Alipewa jukumu la kuzipokea. Mwezi wa Agosti hospitali ilinunua benchi refu, likawekwa mbele ya tanuri, ili wageni wanaopita wasizione zimesimama. Kila asubuhi Akoth hulipangusa kwa dawa, nazo huketi zikingoja. Pikapu ikirudi kinyumenyume hadi mlangoni, huinuka zenyewe na kuingia mifukoni, naye hufunga.